Skrini ilisema kilomita 61, gari likazima nimekwenda 34

Wiki tano zilizopita niliishiwa mafuta mlimani, Baba akiwa kiti cha mbele. Nimeiandika habari hii na kuifuta mara kadhaa kwa sababu aibu yake haijanitoka. Lakini juzi msomaji mmoja ameniuliza kama zile kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, za mafuta yaliyobaki, ni za kuaminiwa. Ana safari ndefu na watoto wadogo. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemkosea.

Tulikuwa tunampeleka Baba kliniki ya macho. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi, na tuliisubiri kwa miezi. Nyuma alikaa Mama na binti yangu, buti limejaa mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi. Taa ya mafuta ilikuwa imeshawaka tangu jana yake. Niliiona. Niliangalia skrini, ikasema zimebaki kilomita 61. Upande wa pili wa mlima kuna kituo cha mafuta, kilomita 38 kutoka nyumbani. Nikapiga hesabu kichwani: 61 toa 38, nina ziada ya 23. Nikapita kituo cha kwanza bila kusimama, maana kilikuwa na foleni na sikutaka Baba achelewe.

Tulipoanza kupanda, namba ikaanza kuporomoka. Tulikuwa tumekwenda kilomita 22 tu, lakini kwenye skrini zilikuwa zimepotea 36. Nikajipa moyo kwamba tukishafika kileleni na kuanza kuteremka zitarudi. Baadaye kidogo namba ikatoweka kabisa, vikabaki vistari vitatu. Kwenye kilomita ya 34 injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Usukani ukawa mzito mikononi mwangu. Nikalisogeza gari pembeni kwa nguvu iliyobaki ya mwendo.

Baba aliendesha malori miaka 31. Hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Hiyo namba imeijuaje barabara ambayo hatujaipita?"

Sikuwa na jibu.

Dereva mmoja wa lori alinipa lifti hadi kituoni nikarudi na kidumu cha lita tano. Ajabu ni kwamba hata baada ya kuyamimina, skrini iliendelea kuonyesha vile vistari vitatu. Kompyuta za magari mengi hazitambui mafuta machache yakiongezwa. Husubiri kiasi kikubwa ndipo zifanye hesabu upya. Tulifika kliniki daktari ameshaendelea na wengine. Tukapangiwa tarehe nyingine, wiki sita mbele.

Jioni kaka yangu mkubwa akapiga simu. Mbele ya watu waliokuwa wakimsikiliza alisema, "Si nilikuambia kazi ya kumpeleka Baba uniachie mimi?" Neno hilo limenichoma, na sitajifanya limepona. Nimemwendesha Baba miaka mingi bila kasoro. Lakini ningejibu nini? Nilikuwa nimeamini namba.

Ndipo nikaamua kuichunguza. Nilinunua daftari dogo, nikaliweka kwenye droo ya dashibodi, na kwa mwezi mzima nikapima kila tone. Njia yenyewe ni rahisi. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, halafu usiongeze hata kidogo. Sifurisha kilomita za safari, yaani rudisha kipimo chake kwenye sifuri. Endesha kama kawaida. Ukirudi kujaza, jaza tena hadi pampu ikate, ikiwezekana kituo kile kile na gari likiwa limesimama mahali tambarare. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Hesabu hiyo haina mshale wa mafuta wala skrini ndani yake, na ndiyo maana naiamini.

Tangi langu, kwa mujibu wa kitabu cha gari, ni la lita 50. Mara ya kwanza nilikwenda kilomita 524 hadi taa ikawaka, na tangi likameza lita 42.6. Hiyo ni kilomita 12.3 kwa lita. Skrini kwa safari hizo hizo ilikuwa inajisifu kilomita 13.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye tangi zima ni kilomita 40. Na hiyo ni barabara ya kawaida, sijapanda mlima wala kubeba mtu.

Mshale nao una tabia zake. Robo ya kwanza, kutoka umejaa hadi robo tatu, ilinipeleka kilomita 190. Katika hizo, kilomita 90 za mwanzo mshale haukutikisika. Robo ya pili ilitoa 130. Ya tatu 115. Gari ni lile lile na mwendo ni ule ule. Kila aliyewahi kusema "nusu ya pili ya tangi huisha haraka" alikuwa na haki, isipokuwa si mafuta yanayokimbia, ni kipimo.

Sababu niliipata kwa fundi umeme aliyenifungulia kifaa chenyewe, kimetoka kwenye gari jingine, nikakishika mkononi. Kuna boya dogo mwishoni mwa mkono wa waya. Mafuta yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na upande wa pili wa mkono kuna ncha inayoteleza juu ya rezista, kipande kinachozuia umeme kwa kiasi. Umeme unaopita hubadilika, na huo ndio unaousukuma mshale. Basi. Hakuna kinachopima lita. Kinachopimwa ni kimo cha uso wa mafuta mahali boya lilipo.

Sasa fikiria tangi lenyewe. Si ndoo iliyonyooka. Limekunjwa kukwepa ekseli na bomba la ekzosi, pana hapa, jembamba pale. Sentimita moja juu si lita sawa na sentimita moja chini. Tena boya likigusa paa la tangi haliwezi kupanda zaidi, hata kama juu yake na kwenye shingo ya kujazia bado kuna mafuta. Ndiyo maana mshale wangu ulilala kilomita 90. Chini nako boya hufika mwisho wa safari yake huku kukiwa bado kuna akiba. Kwangu taa iliwaka zikiwa zimebaki lita saba na kitu. Lakini siku moja niliegesha kwenye mteremko, nikawasha, taa ikaja mapema: tangi lilimeza lita 39.8 tu. Mafuta yalikuwa yamekimbilia upande mmoja na kuliacha boya chini.

Na mlimani siku ile ilikuwa vivyo hivyo, ila kwa pampu ya gari, ile inayovuta mafuta kutoka tangini kwenda kwenye injini. Nadhani tangini hatukuwa wakavu kabisa. Yale machache yaliyobaki yaliegemea upande ambao pampu haikuweza kuyavuta. Kwa hiyo hata ile akiba inayosifiwa na wenye magari, "bado ina lita kadhaa hii," haiko mikononi mwako yote.

Turudi kwenye swali la Baba, maana ndilo lililo kiini. Kompyuta inachukua lita inazodhani zimebaki, inazizidisha na wastani wa kilomita ulizokwenda kwa kila lita siku za karibuni. Mimi siku tatu kabla nilikuwa peke yangu kwenye barabara kuu, tambarare, mwendo wa kutulia, na skrini ilikuwa inaonyesha kilomita 14 kwa lita. Kilomita 61 zilikuwa za barabara ile na mtu yule mmoja. Gawanya 61 kwa 14, utapata lita nne na theluthi. Weka watu wanne, mizigo, kiyoyozi na mlima, kila lita ikawa inatupeleka chini ya kilomita tisa. Lita zile zile nne na theluthi hazifikishi hata 40. Nilipofanya hesabu hii mezani usiku ule nilishika kichwa. Kila kitu kilikuwa wazi tangu asubuhi, nami nilikuwa na kalamu.

Ndugu zangu, tusikabidhi akili zetu kwa skrini. Namba ikiandikwa kwa mwanga mzuri tunaiamini kuliko tunavyomwamini mzee aliyeketi pembeni. Kabla ya kuiamini, jiulize siku mbili tatu zilizopita uliendesha wapi, na leo unakwenda wapi. Kama jana ulikuwa kwenye mteremko au barabara kuu na leo unapanda au unaingia kwenye foleni ndefu, ipunguze namba hiyo kwa theluthi, au isahau kabisa. Umeongeza mzigo juu ya paa? Ipunguze. Unakwenda kasi? Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 120 kwa saa unakuwa zaidi ya mara mbili. Tairi zina upepo kidogo? Ipunguze.

Na jaza ukiwa robo. Narudia kwa sababu najua utasoma na kupita: jaza ukiwa robo. Kwenye gari la petroli la kisasa pampu inakaa ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukiizoesha kufanya kazi katika mafuta ya chini kila wiki unaipunguzia maisha, na bei ya pampu si sawa na usumbufu wa kusimama kituoni dakika kumi. Wenye dizeli ndio waogope zaidi. Dizeli ikiisha, hewa inaingia kwenye mabomba, na ukirudi na kidumu huenda gari lisiwake mpaka hewa itolewe. Kwenye mifumo mingi ya sasa dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya shinikizo, ile inayoisukuma kwa nguvu kwenye injini, kwa hiyo kuisha mara moja tu kunaweza kukugharimu sana.

Mshale ukianza kurukaruka ukifika sehemu moja, au ukaganda, usiuzoee. Mara nyingi ni njia ya rezista iliyolika, boya lililotoboka, au waya wenye kutu. Mpelekee fundi. Wapo wanaoendesha mwaka mzima na geji iliyokufa wakisema wanalijua gari lao. Mimi pia nilijua langu. Na wenye magari ya umeme msijione mmepona. Kilomita za betri nazo hukadiriwa kutokana na mwendo wako wa karibuni, na baridi au mlima huzila mbele ya macho yako. Kanuni ni ile ile: acha robo.

Nilipokuwa mdogo, Baba alikuwa na kijiti nyuma ya kiti cha lori, amekichora alama kwa kisu mwenyewe. Kila alfajiri alikitumbukiza kwenye tangi, akakitoa, akakiangalia kwenye mwanga, ndipo akapanda. Lori lilikuwa na geji. Nilidhani ni mazoea ya watu wa zamani.

Alhamisi ijayo ndiyo tarehe mpya ya kliniki. Jana jioni nimejaza hadi pampu ikakata, nimesifurisha kilomita, nimeandika. Baba amesema atakaa kiti kile kile cha mbele. Ameomba daftari alishike yeye njiani. Namba nitamsomea mimi.