Re: Wamakonde watapata kaunti yao?
Boss umeuliza kama Wamakonde (ile jamii ndogo ya Pwani yenye asili ya Msumbiji) kuitwa kabila la 43 la Kenya inamaanisha sasa watapewa kaunti, hapana kabisa. Ile 2016 walipotembea toka Kwale mpaka huku Nairobi walikuwa wanadai vitambulisho, na Kenya hii bila kitambulisho hata laini ya simu huwezi kusajili. Kaunti 47 ziko ndani ya katiba ya 2010, kuongeza moja lazima katiba ibadilishwe, na ukianza hivyo kila mtu atataka yake (mishahara ya maMCA, wale wawakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, atalipa nani?). Kujitawala ni stori ingine, cheki Wasidama wa Ethiopia, walipiga kura ya maoni Novemba 2019 wakapata jimbo 2020, lakini hao wako mamilioni. Kwa kabila dogo mimi ningepigania ardhi kwanza, vile Waogiek, jamii ya msitu wa Mau hapa Kenya, walishinda kesi yao kwa korti ya Afrika kule Arusha 2017.