Maswali na Majibu: Walinzi wa Ubongo na Unene Uliopitiliza

Tangu niandike kuhusu kitambi, maswali mengi yanayonifikia yanazunguka jambo moja: ubongo una kazi gani katika unene? Nimechagua matano. Salamu na sifa nimezipunguza ili nafasi itutoshe.

Shikamoo. Njaa hutoka tumboni au kichwani? Mume wangu husema nina njaa ya macho tu. (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba. Tumbo hupeleka taarifa, lakini mwamuzi ni ubongo, hasa sehemu ndogo iliyo upande wake wa chini, iitwayo haipothalamasi. Humo mna makundi mawili ya nyuroni, yaani seli za neva, yanayovutana: moja, ambalo wataalamu huliita AgRP, huamsha njaa, na jingine, POMC, humfanya mtu asogeze sahani pembeni. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliziamsha nyuroni za AgRP za panya kwa mwanga uliopitishwa ubongoni, na panya waliokwisha kushiba wakaanza kula kwa pupa ndani ya dakika chache.

Makundi hayo husikiliza leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York. Miaka mitano baadaye, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za msichana wa miaka tisa aliyekuwa na kilo zaidi ya 90, ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza leptini kabisa kwa sababu ya kasoro ya kurithi. Walipomchoma homoni hiyo kila siku, hamu ya kula ilishuka, na kwa mwaka mmoja akapungua kilo zaidi ya 16. Mtoto yule hakuwa mlafi; ubongo wake ulikuwa ukiamini kwamba mwili unakufa njaa. Kasoro ya namna hiyo ni nadra mno, lakini mweleze mumeo kisa hiki kabla hajaendelea na habari za macho.

Nimesoma kwamba seli za kinga za ubongo nazo hunenepesha. Kinga na kitambi vinakutana wapi? (Msomaji wa Tanga)

Vinakutana palepale kwenye haipothalamasi. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hauitii ipasavyo, na kwa muda mrefu haikueleweka ni kwa nini. Sehemu ya jibu imetoka kwa maikroglia, seli ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizipa jina hilo mwaka 1919. Hizi ndizo sungusungu wa ubongo: hata pakiwa shwari hunyoosha na kukunja vikono vyake, zikipapasa majirani, na zikigundua mdudu au jeraha hubadili umbo na kumwaga kemikali za mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka na kuvimba unapojikinga.

Mwaka 2012 kikundi cha watafiti wa Seattle kilionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi walipata dalili za mchochota kwenye haipothalamasi ndani ya siku moja hadi tatu, kabla uzito haujapanda kwa kiasi cha maana. Mpangilio huo wa matukio ndio uliowashtua wengi, mimi nikiwamo, kwa kuwa tulizoea kuuhesabu mchochota kuwa matokeo ya unene. Picha za MRI za watu wanene nazo zilionyesha dalili zinazofanana na kovu mahali hapohapo.

Bado mtu angeweza kusema kwamba maikroglia zilikuwa mashahidi tu. Mwaka 2017 watafiti wa San Francisco walilijibu hilo: walipoziondoa seli hizo kwa dawa, panya waliokuwa wakilishwa mafuta walikula kidogo na kunenepa kidogo kuliko wenzao; walipouwasha mchochota ndani ya maikroglia kwa kubadili jeni, panya waliokula chakula cha kawaida wakaanza kula kupita kiasi. Hao ni panya, na binadamu hafungiwi kwenye kizimba chenye chakula cha aina moja, kwa hiyo tusikimbilie kusema kila kitambi kimeanzia kwa maikroglia.

Nilipunguza kilo nane kabla ya harusi ya mdogo wangu. Sasa zimerudi zote. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Nakuru)

Pengine hukukosea popote. Mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka, nyuroni za AgRP huamka, na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko ungetarajia kwa uzito wake mpya. Ubongo huutetea uzito wa zamani, kwa hiyo kazi ya kulinda uzito huanza baada ya harusi.

Je, nazi na mawese yanaharibu ubongo? (Msomaji wa Mombasa)

Aina ya mafuta ina uzito wake. Katika majaribio ya San Francisco, mafuta ya maziwa, ambayo yana asidi nyingi zinazogandisha mafuta, yaliziamsha maikroglia za panya, lakini ya zeituni hayakufanya hivyo. Mawese nayo yana asidi hizo kwa wingi. Hata hivyo, panya wa maabara mara nyingi hupewa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, tena kila siku. Wali wako wa nazi ni shida kuufikisha huko. Chipsi za kila jioni zinanitia wasiwasi zaidi.

Kama tatizo ni mchochota, nimeze ibuprofen kila siku? (Msomaji wa Dodoma)

Hapana. Utaumiza tumbo na figo. Isitoshe, utafiti wa Seattle wa mwaka 2023 uliona jambo la ajabu: panya ambao mchochota wa maikroglia zao ulizimwa hawakunenepa sana, lakini walishindwa kudhibiti sukari vizuri. Walinzi hao, kumbe, hata wakileta hasara wana jambo wanalolisaidia. Dawa zilizopo leo, kama sindano ya semaglutide iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, hupita njia nyingine: huiga homoni ya utumbo na kuusemesha ubongo moja kwa moja. Huandikwa na daktari baada ya vipimo, na wengi wakiiacha uzito hurudi.