Skana ya zamani, kompyuta mpya: nani amekataa mwenzake?

*Jambo fundi. Niko Kadutu hapa Bukavu, niko na skana ya Canon, LiDE 25, ile nyembamba ya kubeba kwapani. Imenisaidia sana kuskania watoto wa jirani diplome na bulletin wakitafuta kazi ao bourse. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa na Windows 7, ikakufa, kijana wangu akatuletea ingine ya okazyo, hii iko na Windows 10. Sasa nikichomeka kable inalia “ding” halafu kimya, programu inasema hakuna skana. CD yake niko nayo, nimeiweka, inakataa. Muuzaji mmoja kule Nyawera anasema ni ya kutupa ninunue ingine. Ni kweli, ama anatafuta kuuza tu? – Mama wa Kadutu*

Mama, usitupe kwanza. Roho ya muuzaji siijui, ila hiyo “ding” njo habari nzuri kuliko zote kwenye barua yako, juu maana yake kompyuta imesikia kuna kitu kimechomekwa. Skana iliyokufa kabisa hailizi kitu. Tunachotafuta ni kompyuta imesikia nini, na kama iko na drayva, yaani ile programu ndogo ya kuongea nayo.

Anza na umeme. LiDE 25 haina waya ya kwenda kwenye prizi ya ukuta, inakula umeme wa USB peke yake, na tundu ya USB 2.0 inatoa miliampia 500 tu. Kwa hiyo ukiwa umeipitisha kwenye ile multiprize ndogo ya USB pamoja na mausi, kle USB na simu inayochaji, itaonekana halafu itapotea. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma, si ya mbele ambayo mara nyingi yamelegea. Tundu ya bluu ikisumbua jaribu nyeusi. Halafu badilisha kable: kama kichwa chake ni cha mraba kama cha printa, azima ya printa kwa jirani dakika tano, utajua.

Hapo sasa fungua “Gestionnaire de périphériques” (bonyeza batani ya kuume ya mausi juu ya alama ya Windows, iko kwenye hiyo liste). Acha dirisha wazi, chomoa skana, chomeka tena, angalia ni mstari gani umeruka. Ukiona kitu chenye alama ya njano, kibonyeze mara mbili, nenda kwenye Détails, chagua pale panaposema identification du matériel, na usome zile herufi. Ikiwa imeandika VID_04A9, hiyo njo namba ya Canon, na PID_2220 ni LiDE 25 yenyewe: skana yako iko nzima kiasi cha kutaja jina lake. Lakini ukikuta VID_0000, kompyuta imesikia tu mtu anabisha mlango bila kusema yeye nani, na hapo kosa liko kwenye kable, tundu, ao ndani ya skana, hata uweke drayva kumi haitabadilika kitu.

Mimi nabahatisha kwako ni 04A9, na alama ya njano iko na kodi 28, yaani hakuna drayva. Sababu ni hii: ile Windows 7 yenu bila shaka ilikuwa ya biti 32, hii mpya ni ya biti 64, hizo ni namna mbili za Windows (angalia kwenye Paramètres, Système, Informations système). Windows ya biti 64 haikubali kamwe drayva ya biti 32, hata CD ikiwa original, hata ufanye ile “mode de compatibilité” ambayo kila mtu anashauri, juu yenyewe inasaidia programu, haisaidii drayva ya namna hii. Na Canon haikutoa drayva ya biti 64 kwa LiDE 25. Kwa hiyo mafaili yote unayoona kwenye intaneti yanayoahidi “driver LiDE 25 Windows 10 gratuit” yaache, utamaliza mega zako na kuingiza virusi nyumbani.

Njia zimebaki mbili. Ya kwanza ni VueScan, programu ya Hamrick, inakuja na drayva zake kwa skana nyingi ambazo wenyewe waliozitengeneza walishaziacha. Ni ya kulipa, ila toleo la kujaribu ni la bure, linaweka tu alama juu ya picha. Jaribu hilo kwanza, skana ikitembea njo ufikirie pesa.

Ya pili mimi naipenda zaidi, haina bei. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, kuna programu ya skana inaitwa SANE, na sehemu yake moja, plustek, inajua LiDE 20, 25 na 30 bila CD yoyote. Mwambie kijana wako atafute Linux Mint, aina moja ya Linux, faili ni karibu giga 3, kwa hiyo bora akopi kwa rafiki kuliko kushusha na mega za simu. Aiweke kwenye kle USB, awashie kompyuta kwenye kle hiyo, bila kuinstale kitu, Windows yenu haiguswi. Fungua Simple Scan, programu ya kuskania iliyo ndani yake, chomeka, skania. Unaweka diplome kwenye kle ingine, unazima, unarudi Windows. Ni kuzunguka kidogo, lakini kwa mtu anayeskania mara chache kwa wiki inatosha sana, na pia ni kipimo: ikikataa hata huko, hapo naweza kukubaliana na mtu wa Nyawera.

*Fundi, mimi niko Goma. Skana yangu ni Epson Perfection ya zamani, kompyuta inaiona vizuri, lakini nikiskania inakwaruza kwa nguvu halafu inaandika erreur. Tulihama nayo nyumba mwezi uliopita.*

Kuhama njo jibu lako, ndugu. Skana nyingi za kioo ziko na kifungo kidogo cha kufunga kile kichwa cha ndani kisigongwe njiani, mara kiko chini, mara nyuma. Chomoa umeme kwanza, sukuma kifungo kwenye alama ya kufuli lililofunguka, ndipo uwashe. Na usiendelee kuilazimisha ikwaruze, meno ya gia ni ya plastiki.