Makontena, TEU au tani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi huandaa habari za biashara redioni. Juzi nilisoma hewani kwamba "bandari ya Shanghai iliingiza ujazo wa makontena milioni 51 mwaka 2024, hivyo ndiyo bandari kubwa kuliko zote duniani." Mwenzangu akanikosoa: si makontena bali "TEUs", na bandari kubwa ni Ningbo-Zhoushan, nayo ya China. Nani yuko sahihi, na sentensi hiyo iandikweje?

Jibu: Marahaba. Mwenzako amepatia kwenye TEU, amepatia nusu kwenye Ningbo-Zhoushan, na amekosea kwenye hiyo "s". Wingi wa Kiswahili hauji mwishoni mwa neno. Tunasema TEU moja, TEU mbili, TEU hizo zote, kama tunavyosema kilo moja na kilo mbili.

TEU (kifupi cha Kiingereza, "twenty-foot equivalent unit") si kontena, ni kipimo. Kontena la futi 20 ni TEU moja, la futi 40 ni TEU mbili. Tuseme meli imeshusha makontena 100, kati yake 30 ni ya futi 20 na 70 ni ya futi 40. Mwenye winchi ameinua makontena 100, lakini kwenye taarifa ya bandari utasoma TEU 170. Ukiandika "makontena 170" umemzidishia kazi. Shanghai ilihesabu zaidi ya TEU milioni 51 mwaka 2024, na kwa kuwa mengi yanayosafiri siku hizi ni ya futi 40, makontena yenyewe ni pungufu sana ya hapo.

Sasa kitenzi, ambacho ndicho kilichonisumbua zaidi kuliko hata hiyo namba. "Iliingiza" ni kosa la maana. Hesabu ya bandari hujumlisha yanayoshushwa na yanayopakiwa, yenye mzigo na matupu. Tazama Singapore, iliyohesabu TEU milioni 41 mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya makontena yake hayaingii nchini kabisa: hushushwa kutoka meli moja, hukaa uwanjani, kisha hupakiwa kwenye nyingine. Kontena kama hilo huhesabiwa mara mbili, likishuka na likipanda. Watu wa bandarini kwetu wana kitenzi kinachobeba yote hayo, nacho ni kuhudumia. Bandari huhudumia shehena. Wengine husema kupitisha, nalo halina ubaya.

"Ujazo" pia uondoe. Ujazo ni nafasi ambayo kitu huijaza, tunaipima kwa lita au mita za ujazo. Kwa mizigo ya bandari sema kiasi cha shehena, kisha taja kipimo chako. Utaniuliza: TEU si nafasi? Ni nafasi kwa kukadiria tu, maana huangalia urefu wa kontena na kuacha kimo chake. Kontena la futi 40 lenye kimo cha futi nane na nusu na lile la futi tisa na nusu, yote ni TEU mbili. Wala TEU haikuambii uzito. Kontena la futi 20 lililojaa vigae hupita tani 20 bila shida. La futi 40 la magodoro halifiki hata nusu ya hapo, ingawa kwenye TEU ndilo linaloongoza.

Hapo ndipo Ningbo-Zhoushan inapoingia. Kwa tani, hiyo ndiyo ya kwanza duniani, ikihudumia zaidi ya tani bilioni moja kwa mwaka, kwa sababu mbali na makontena inapokea shehena ya kichele, yaani isiyofungashwa, kama mawe ya chuma na makaa ya mawe, pamoja na mafuta ghafi. Kwa TEU inatanguliwa na Shanghai, jirani yake, iliyoshika nafasi ya kwanza tangu ilipoipita Singapore mwaka 2010. Basi "kubwa kuliko zote" peke yake ni maneno ya kuzua ubishi. Kubwa kwa nini?

Mimi ningeandika: "Bandari ya Shanghai ilihudumia TEU zaidi ya milioni 51 mwaka 2024, na hivyo kuongoza duniani kwa shehena ya makontena." Kwa msikilizaji wa redio, mara ya kwanza ongeza "kwa hesabu ya kontena la futi 20", halafu endelea na TEU. Mombasa nayo ilivuka TEU milioni mbili mwaka huo. Ukiitaja kwa kulinganisha, usije ukaiweka kwa tani huku Shanghai ukiwa umeiweka kwa TEU.

Kuhusu kasha au kontena, chagua utakalo, ila usiyachanganye katika habari moja, msikilizaji atadhani ni vitu viwili. Na ni kontena limefika, makontena yamefika. Mitaani utasikia "kontena imefika", lakini wewe unasoma habari.