SAT 1390 na vyuo vikubwa vya Marekani: atume au asitume?

Nimesoma swali la dada aliyeleta mada, anayeuliza kama mwanawe atume alama zake za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani wenye alama za juu kabisa 1600. Kijana wake yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), shule ya serikali. Amepata 1390 kwenye SAT, na jamaa wa kituo cha kujaza fomu amemwambia chini ya 1500 asijisumbue na vile vyuo vikubwa. Mdau mwingine akamjibu kwamba siku hizi Marekani hawatazami alama kabisa. Wote wawili wanampoteza. Mimi nilisoma huko na kwa miaka sasa nawasaidia vijana wetu kuandaa maombi, kwa hiyo naomba uvumilivu, nitaandika kirefu.

Hili la "hawatazami" lilikuwa na ukweli mwaka 2020, corona ilipofunga vituo vya mitihani na vyuo vingi vikafanya alama kuwa hiari. Upepo umegeuka. MIT walirudisha sharti la kutuma alama Machi 2022. Mwaka 2024 wakatangaza Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford, kila kimoja na msimu wake wa kuanza. Penn wakafuata mwanzoni mwa 2025, kisha Princeton Oktoba mwaka huohuo, ila kwao sharti linawahusu watakaoomba msimu wa 2027/28. Columbia wamebaki na hiari. University of California hawazisomi hata ukizituma. Kabla ya kubishana, fungueni ukurasa wa udahili wa chuo husika, na uwe wa mwaka huu.

Ukiwa hapohapo soma na maandishi madogo, maana ndiko watu wetu wanakopitwa. Yale wanapokea matokeo ya AP au IB (mitihani ya masomo ya ngazi ya juu ya sekondari, ya Kimarekani na ya shule za kimataifa) badala ya SAT. Dartmouth, kwa aliyesoma nje ya Marekani, wanakubali pia matokeo ya A-Level au ya mtihani wa taifa unaolingana nayo, hata yale ya makadirio ya walimu. Harvard nao wana mlango wa namna hiyo kwa mtu ambaye kwa kweli hawezi kuufikia mtihani. Kwa mtoto asiye na kituo karibu, na ambaye angelipa zaidi ya dola 100 kwa kukaa mara moja tu (msamaha wa ada ya SAT ni wa wanafunzi walioko Marekani na raia wao), habari hii ni kubwa.

Sasa hiyo 1500. Inatokana na takwimu ambazo vyuo huchapisha kila mwaka. Kwa Harvard, nusu ya katikati ya walioingia wakiwa na SAT huwa takriban kati ya 1500 na 1580. Watu wakiona 1500 wanadhani ndiyo alama ya kupita, kama pasi. Lakini takwimu hiyo inasema robo nzima ya walioingia walikuwa chini yake. Nisikufiche, kwenye robo hiyo wamo wanamichezo waliotafutwa na makocha. Na miaka ile ya hiari, wenye alama za chini hawakuzituma, kwa hiyo namba zilizochapishwa zikapanda kuliko hali halisi ya darasa.

Jambo ambalo natamani kila mzazi hapa alielewe ni kwamba alama husomwa pamoja na mahali ilikotoka. Ofisa wa udahili kwa kawaida anagawiwa eneo, na faili la mtoto wa Tanga analisoma mtu yuleyule anayesoma la mtoto wa shule ya kimataifa ya Dar es Salaam mwenye mwalimu wa SAT tangu kidato cha tatu. 1390 ya huyu na ya yule hazina uzito mmoja. Maprofesa wanne wa Dartmouth walichunguza kumbukumbu za udahili wa chuo chao, na ripoti yao ya Januari 2024 ndiyo iliyochangia sharti kurudi. Walikuta mamia ya waombaji kutoka mazingira magumu wenye alama za 1400 na kitu ambao walizificha kwa kuogopa, wakati kuzituma kungewasaidia. Habari hii inaniuma kila nikiikumbuka, kwa sababu ushauri wa "chini ya 1500 usitume" ndio huohuo unaotolewa mitaani kwetu, na anayeuamini zaidi ni mtoto asiye na mtu wa kumuuliza.

Ila mazingira hayajisemi yenyewe. Kwenye mfumo wa maombi kuna sehemu ya shule, anajaza mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Zinazotoka kwetu nimeziona nyingi: "Ana nidhamu nzuri, ni mchapakazi, namtakia mafanikio." Ofisa hapati kitu hapo. Dada, nenda shuleni kwa adabu zote, umwombe mwalimu aandike darasa lina wanafunzi wangapi, kijana ni wa ngapi, maabara ina hali gani, kama shule ina mwalimu wa kudumu wa hesabu za Advanced au wanajifundisha wenyewe, na kama kuna mwanafunzi wa shule hiyo aliyewahi kufanya SAT. Ukurasa mmoja wa ukweli wa namna hiyo unaipa 1390 uzito ambao tuisheni ya miezi haiupi.

Tukija kwenye mtihani wenyewe, kuna pointi vijana wa PCM wanaziacha mezani. Mtihani wa taifa umewazoesha kwamba njia ina maksi, basi wanaandika hatua zote kwa mpangilio mzuri, na muda unakwisha. SAT haioni njia. Hesabu zina maswali 44 kwa dakika 70, na ndani ya programu ya mtihani kuna kalkuleta ya Desmos inayochora grafu. Nilikaa na binti mmoja aliyekuwa akitatua milinganyo miwili kwa mkono, safi kabisa bila kosa. Nikamwonyesha kuandika ile milinganyo kwenye Desmos na kusoma mistari inapokutania. Alinyamaza, akachukua swali linalofuata. Desmos ni bure mtandaoni, na hata simu inatosha kuzoea, ingawa siku ya mtihani simu hairuhusiwi. Jingine: kila somo lina sehemu mbili, na ugumu wa ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiboronga ya kwanza, unaletewa rahisi na alama za juu kabisa huzifikii tena. Umakini wote uwekwe mwanzoni. Kusoma na kuandika hupanda polepole zaidi, hapo sina njia ya mkato. Vyuo vingi vitachukua alama bora ya kila somo hata kama ni za tarehe tofauti, kwa hiyo kurudia kunalipa.

Kuhusu fedha, hapa ndipo hata alama za juu hushindwa kumsaidia mtu. Vyuo hivi vingi vimepita dola 80,000 kwa mwaka. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii uwezo wa mwombaji wa nje wanapoamua kumchukua, na akikubaliwa wanaziba pengo lote la mahitaji yake. Kwingineko kwingi kuomba msaada mkubwa kunapunguza nafasi, na huko hata 1550 hukataliwa. Usawa wenyewe ni mgumu: utafiti wa Chetty, Deming na Friedman wa mwaka 2023, kwenye vyuo vinane vya Ivy League (kundi la vyuo vikongwe vya mashariki mwa Marekani, kama Harvard na Yale) pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago, ulionyesha kwamba kwa alama zilezile, mtoto wa asilimia moja ya matajiri wa juu alikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati ya kuishia kusoma huko. Kilichowabeba zaidi ni kuwa watoto wa wahitimu wa chuo husika, michezo na vigezo visivyo vya darasani. Ndiyo maana, pamoja na kasoro zake, sipendi mtihani ubezwe.

Kwa hiyo jibu langu: Dartmouth, Amherst na Bowdoin atume 1390 bila woga, ikiambatana na ile barua ya shule. Arudie Agosti au Oktoba, kabla ya mwisho wa maombi ya mapema, ambao kwa vyuo vingi ni nusu ya kwanza ya Novemba. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Kwa MIT nasita. Kila mwanafunzi wao, hata wa uchumi, lazima afaulu mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia, na takriban robo tatu ya wanaoingia huwa na karibu 780 au zaidi kwenye hesabu. Utuwekee hapa mgawanyo wa alama zake, dada. 1390 ya hesabu 760 na kusoma 630 si sawa na ya hesabu 690 na kusoma 700, na ushauri wangu kuhusu MIT utafuata hapo.