Perege, sato na "miiba mingi"

SWALI: Naandaa maelezo mafupi ya samaki wa Mto Rufiji. Rafiki yangu wa Mwanza kila akikuta "perege" anakata na kuandika "sato", eti ni kitu kimoja. Vilevile nimeandika "samaki hii ina miiba mingi", naye anasema nimekosea. Nani ana haki?

JIBU: Kwenye sarufi rafiki yako yuko sahihi. Kwenye jina amekuletea ziwa lake mtoni kwako.

Perege ni jina pana. Linabeba samaki kadhaa wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Oreochromis, na yule wa asili wa Rufiji ni Oreochromis urolepis. Sato ni mmoja tu, Oreochromis niloticus, na hata huko Ziwa Victoria ni mgeni: alipandikizwa miaka ya 1950, kama sangara. Mwenyeji wa ziwa hilo ni ngege, Oreochromis esculentus, ingawa siku hizi wengi huita ngege samaki yeyote anayefanana naye. Sasa sato amesambazwa kwenye mabwawa na mito mingi, kwa hiyo usiape kwamba Rufiji hayupo. Mtazame mkia: sato ana milia myembamba ya wima iliyojipanga sawasawa kwenye pezi la mkia. Ukiiona, andika sato bila kusita. Usipoiona, bakiza perege wako na uweke jina la kisayansi kando, kwa sababu majina yetu ya samaki hubadilika kila ukibadili maji. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni samaki tofauti kabisa, na huyo wa Mwanza ukivuka mpaka kuingia Kisumu anaitwa omena.

Tuje kwenye sentensi. Samaki ana uhai, basi ni "samaki huyu ana", hata akiwa amelala kwenye barafu. Viungo vyake ndivyo vinavyofuata ngeli zao: pezi lake ni refu, mkia wake umechanika, magamba yake ni makubwa. (Sokoni utasikia "dagaa hizi" kwa sababu muuzaji anaona chakula. Mimi simgombezi, ila kwenye maelezo yako andika "dagaa hawa".)

Lakini kosa lililonivutia zaidi hata rafiki yako hakuligusa. "Miiba mingi" ina maana gani? Mlaji atafikiria mifupa midogo inayokwama kooni. Wewe, nadhani, ulikusudia zile ncha ngumu za pezi la mgongoni zinazomchoma mtu akimshika perege vibaya. Kiswahili kinaita vyote viwili mwiba, hivyo taja mahali: miiba ya pezi, au miiba ya nyamani. Tofauti hii ina kazi kubwa katika kutambua samaki. Pezi la mgongoni la perege lina miiba mbele na ni laini nyuma. La kambare ni refu, laini tangu mwanzo hadi karibu na mkia, halina mwiba hata mmoja. Gogogo (samaki wa jenasi ya Synodontis) naye ana mwiba mmoja mkali mbele ya pezi hilo, na nyuma yake kijipezi kinene cha nyama.

Kambare na gogogo wote hawana magamba, kwa hiyo usiandike kwamba wamepaliwa, yaani wametolewa magamba. Hakuna cha kupaa. Wote wana masharubu pia. Kambare ana manane, na ndiyo maana nyumba isiyo na mkubwa huitwa nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, watoto wana ndevu. Katika maelezo ya kitaalamu tumia "masharubu", ndevu ziache kwenye utani.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Perege huyu amevuliwa Rufiji. Ana magamba, hana masharubu, na sehemu ya mbele ya pezi lake la mgongoni ina miiba. Pezi la mkia halina milia ya wima."