Ruta Moja Nyumbani Hutosha Vifaa Vingapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Bugembe, karibu na mji wa Jinja. Nina ruta moja, yaani kisanduku cha kugawa intaneti kwa waifai, inayotumia laini ya simu, na katoni yake imeandikwa kwamba huunganisha vifaa 32. Sisi wenyewe pamoja na wapangaji wa vyumba vya uani tuna vifaa 14 tu, lakini ifikapo saa mbili usiku televisheni hukwama na wajukuu wangu hawawezi kupakua kazi zao za shule. Je, niliuziwa kifaa kibovu, au sasa ninunue kikubwa zaidi?

JIBU: Mheshimiwa Mwalimu, sioni dalili kwamba ruta yako ni mbovu, na ninakuomba usitoe fedha kabla ya kufanya jaribio nitakalolieleza hapa chini.

Namba iliyoandikwa kwenye katoni huhesabu vifaa vinavyoruhusiwa kuingia kwa wakati mmoja, wala haiahidi kwamba vyote vitahudumiwa vizuri. Ruta nyingi za nyumbani zinazoungwa kwa waya zina nafasi ya anwani (namba za kutambulisha kila kifaa mtandaoni) zipatazo 253 za kugawia vifaa, lakini hakuna fundi mwaminifu atakayekushauri uweke simu 253 kwenye mojawapo.

Kinachobana kwanza ni hewa yenyewe. Vifaa vinavyotumia chaneli moja ya waifai, yaani njia moja ya mawimbi, haviwezi kusema kwa pamoja: kila kimoja husikiliza kwanza, na kikisikia kingine kinazungumza, husubiri zamu yake. Simu iliyotulia ikipokea ujumbe mara moja moja haichukui zamu nyingi, na unaweza kuwa nazo 20 usione tofauti. Lakini simu iliyo katika chumba cha mwisho uani, nyuma ya kuta tatu za matofali, hupata mawimbi hafifu na hulazimika kuzungumza polepole, kwa hiyo hushika hewa kwa muda mrefu kupata kile ambacho simu ya sebuleni hupata kwa kitambo kidogo, na wengine wote hungoja. Jambo hili watu wengi hawalijui, nao huilaumu ruta bure.

Kinachobana pili ni kasi ya intaneti inayoingia nyumbani. Filamu moja yenye picha safi huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Ikiwa laini yako inaleta megabiti 10, televisheni yako na ya mpangaji mmoja tayari zimeimaliza, hata kama vifaa vingine 12 vimelala.

Sasa jaribio. Saa mbili usiku, simama na simu yako hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime kasi. Kisha upime tena mahali hapo hapo alfajiri, kabla watu hawajaamka. Kama usiku kasi ni ndogo na alfajiri ni nzuri, basi ama vifaa vya nyumbani vinagombania laini, ama mnara wa simu unaokuhudumia umezidiwa na majirani walio mtandaoni saa hiyo hiyo. Ili ujue ni lipi, rudia kipimo cha usiku baada ya kuviondoa vifaa vingine vyote kwenye waifai kwa dakika tano. Kasi ikibaki ndogo, tatizo liko nje ya nyumba, na ruta mpya haitaliponya. Lakini ikiwa karibu na ruta kasi ni nzuri saa zote na uani ni mbaya, tatizo ni mahali ilipowekwa.

Kwa hali hiyo, itoe nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma kama imewekwa huko, uiweke juu, katikati ya nyumba. Ikiwa ina tundu la waya, unganisha televisheni kwa waya, maana hapo utakuwa umeondoa mzungumzaji mkubwa kuliko wote hewani. Simu zilizo karibu zitumie mawimbi ya masafa ya gigahetzi 5 ikiwa ruta inayo. Yale ya 2.4 huvuka kuta vizuri zaidi, kwa hiyo waachie walio mbali.

Ruta mpya ya kizazi cha sita cha waifai (Wi-Fi 6) inaweza kuhudumia vifaa kadhaa katika zamu moja, nami ningekushauri uifikirie iwapo tu kipimo cha karibu na ruta kitaonyesha kwamba laini yako inaleta kasi ya kutosha usiku.